Nota za Herufi: Historia ya Solfa kutoka Norwich hadi Kwaya za Afrika

Katika msamiati wote wa muziki ambao Waingereza waliueneza duniani katika karne ya 19, hakuna sehemu iliyofika mbali kwa gharama ndogo kama majina saba ya nota ambayo mwanakwaya wa Afrika Mashariki huyajua kabla hajaonyeshwa mistari mitano: do, re, mi, fa, so, la, ti. Majina yenyewe hayakubuniwa Uingereza, kwa kuwa mengi kati yake yalikuwa na umri wa miaka mia nane hivi wakati Waingereza walipoyapa kazi mpya. Kilichobuniwa Uingereza ni mfumo ulioitwa tonic sol-fa, ambao waimbaji wetu wameufupisha kuwa solfa, nao ni njia ya kuandika muziki kwa herufi za kwanza za majina hayo, ambapo herufi haitaji kimo cha sauti kilichowekwa daima, bali hutaja nafasi ya nota katika skeli, ikihesabiwa kutoka nota ya msingi ambayo wanamuziki huiita toniki. Historia ya mfumo huu husimuliwa mara nyingi na walimu, na kwa sababu hiyo huwa historia ya mbinu za kufundishia. Lakini ukiuliza ni kwa nini solfa ilikufa mahali ilipozaliwa na ikastawi mahali ambapo waanzilishi wake hawakufika kamwe, jibu halipatikani katika ubora wa mbinu peke yake; hupatikana zaidi katika bei ya karatasi, ya herufi za chapa na ya ala za muziki.

Mwanzo wa majina hayo ni karne ya 11, nchini Italia, ambako mtawa Guido wa Arezzo alikuwa na kazi ya kuwafundisha vijana wa kanisa nyimbo za ibada ambazo hadi wakati huo zilijifunzwa kwa kusikiliza na kukariri kwa miaka mingi. Guido aliuona wimbo wa Kilatini wa sikukuu ya Yohane Mbatizaji ambao kila kifungu chake kilianza nota moja juu ya kifungu kilichotangulia, akachukua silabi za mwanzo za vifungu sita, yaani ut, re, mi, fa, sol na la, akazifanya kuwa majina ya ngazi sita za sauti. Aliyezishika silabi hizo pamoja na umbali ulio kati yake aliweza kuimba wimbo ambao hakuwahi kuusikia. Jina la nota ya saba, si, liliongezwa baadaye sana, na Waitalia wa karne ya 17 walibadilisha ut kuwa do, kwa kuwa silabi inayoishia kwa irabu huimbika kwa urahisi zaidi kuliko ile inayofungwa kwa konsonanti, jambo ambalo msemaji wa Kiswahili hahitaji kulielezwa.

Uingereza ilipokea silabi hizi ikazipunguza. Katika karne ya 17 na ya 18 waimbaji wengi wa huko walitumia silabi nne tu, fa, sol, la na mi, na skeli nzima ikaimbwa kwa kurudiarudia tatu za kwanza, huku mi ikitumika mara moja tu kuonyesha nota iliyo chini kidogo ya toniki. Wahamiaji walizivusha silabi hizo nne hadi Marekani, ambako mwaka 1801 kilitokea kitabu kilichoipa kila silabi umbo lake la kichwa cha nota, pembetatu, duara, mraba na almasi, na uimbaji wa maumbo hayo haujaisha hadi leo katika majimbo ya kusini. Nyumbani Uingereza mambo hayakuwa mazuri kiasi hicho. Katika parokia nyingi, zaburi ziliimbwa na kikundi kidogo cha watu waliokaa roshani ya nyuma ya kanisa, au zilisomwa mstari kwa mstari na karani wa kanisa huku waumini wakimfuata kwa kimo na mwendo ambao kila mmoja alijichagulia.

Kufikia miaka ya 1830 na 1840, suala la kuwafundisha watu wa kawaida kuimba lilikuwa limetoka kanisani na kuingia katika siasa. Viwanda vilikuwa vimejaza miji watu ambao tabaka la juu liliwaogopa, na wanasiasa pamoja na wachungaji walikubaliana kwamba mfanyakazi anayeimba kwa sauti nne jioni hatakuwa kilabuni wala katika mkutano wa wachochezi. Mwaka 1841 John Hullah, kwa kuungwa mkono na kamati ya serikali iliyosimamia elimu, alifungua madarasa makubwa ya kuwafundisha walimu wa shule kuimba katika ukumbi wa Exeter Hall, London, akitumia mbinu aliyoichukua kwa Mfaransa Wilhem. Mwaka huohuo Joseph Mainzer, mwalimu kutoka Ujerumani aliyekuwa amefanya kazi Paris, alianza kuwafundisha Waingereza kwa maelfu, na jarida aliloanzisha ndilo lililogeuka baadaye kuwa The Musical Times. Wote wawili walifuata desturi ya Kifaransa ambayo huitwa do isiyohama: do ni jina la nota moja ya piano, ile ambayo Waingereza huiita C, na hubaki hivyo wimbo uwe katika ufunguo wowote. Mwanafunzi wa Hullah aliendelea vizuri maadamu nyimbo zilikuwa katika ufunguo wa C, lakini wimbo ulipohamia ufunguo mwingine, majina yote yalibaki palepale huku umbali kati ya nota ukibadilika, na yale aliyoyazoea katika wiki za kwanza yakawa kikwazo. Wengi waliacha.

Wakati London ikivuma kwa madarasa haya, jibu lilikuwa tayari limechapishwa Norwich, mji wa mashariki mwa Uingereza, na mwanamke ambaye jina lake lilikuwa halijulikani sana nje ya jimbo lake. Sarah Ann Glover, aliyezaliwa mwaka 1786, alikuwa binti wa kasisi wa Kianglikana, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha watoto wa shule waliopaswa kuongoza uimbaji kanisani. Katika kitabu chake cha mwaka 1835 alieleza mpango wa kulifanya kusanyiko lote liimbe zaburi, na mpango huo ulirudi kwenye wazo la kale la Guido kwamba silabi ifuate skeli na isifungwe kwenye nota moja ya ala: do huhama pamoja na ufunguo. Aliziandika silabi kwa herufi zake za kwanza, na kwa kuwa sol na si zingegongana katika herufi s, alibadilisha si kuwa te, ambayo kwa Kiingereza hutamkwa ti. Hapo ndipo ilipotoka ti ya kwaya zetu. Mbele ya darasa alitundika chati ndefu ya wima yenye herufi hizo, ambayo aliiita ngazi, akaelekeza fimbo kutoka herufi moja hadi nyingine, na watoto wakaimba alichokionyesha bila kuona mstari hata mmoja wa nota.

Aliyeueneza mfumo huo alikuwa John Curwen, mchungaji wa Kanisa la Kikongregeshenali, yaani mojawapo ya makanisa ya Kiprotestanti yaliyojitenga na Kanisa la Kianglikana. Curwen hakuwa mwanamuziki. Kwa kukiri kwake mwenyewe, kusoma nota kulimshinda. Mwaka 1841, katika mkutano wa walimu wa shule za Jumapili uliofanyika Hull, alikabidhiwa jukumu la kutafuta njia rahisi kuliko zote ya kuwafundisha watoto na waumini kuimba, naye aliona njia hiyo katika kitabu cha Glover. Aliuchukua mpango bila kuomba idhini kwanza, akaurekebisha, na ndipo akamwandikia mwenyewe. Glover hakuyapenda mabadiliko yote, ingawa baadaye uhusiano wao ulitengemaa na Curwen hakuacha kumtaja kuwa chanzo cha kazi yake. Haki inadai isemwe kwamba historia iliyoandikwa na wafuasi wa Curwen haikumtendea Glover wema huohuo kila wakati, na vitabu vingi viliuita mfumo wote kuwa wa mchungaji.

Kile ambacho Curwen alikiongeza kilikuwa kikubwa hata hivyo, hasa katika kuandika mwendo wa wimbo. Herufi kubwa za Glover aliziweka kuwa ndogo, d, r, m, f, s, l, t, na nota za oktava ya juu akazitia alama ndogo juu ya herufi, zile za oktava ya chini alama ndogo chini yake. Mapigo aliyatenganisha kwa alama za kawaida za uandishi: mstari wa wima hutangulia pigo lenye nguvu, nukta mbili hutangulia pigo dhaifu, kistari huonyesha kwamba sauti iliyotangulia iendelee kushikiliwa, nukta moja huligawa pigo katika nusu, na mkato huligawa katika robo. Mahali palipoachwa wazi ni kimya. Juu ya wimbo huandikwa ufunguo, ili mwalimu ajue do iko wapi akihesabu kutoka sauti ya uma wa sauti, na kuanzia hapo mwimbaji hana haja ya kujua shapu wala flati za ufunguo huo. Nota ikipandishwa nusu toni irabu yake hubadilika, fa ikawa fe, na ikishushwa hubadilika vilevile, ti ikawa ta. Wimbo ukihamia ufunguo mwingine katikati, nota ya mpakani huandikwa kwa herufi mbili, moja ya ufunguo wa zamani na moja ya ufunguo mpya, na mwimbaji huiimba mara moja huku akilini akiwa tayari amehama. Kuanzia miaka ya 1870 ziliongezwa pia ishara za mkono, kila nota na umbo lake la kiganja, hivyo mwalimu aliweza kuliongoza darasa zima bila ubao.

Sehemu ya mafundisho yake ambayo leo inasahaulika, na ambayo pengine inavutia kuliko nyingine zote, ni namna Curwen alivyowapa watu wasio na elimu ya muziki msamiati wa kuizungumzia sauti. Aliamini kwamba kila nota ya skeli ina tabia yake, ambayo mwanafunzi huitambua kwa hisia kabla ya kuihesabu kwa akili: do ni imara, re inaamsha, mi ni tulivu, fa ina ukiwa na kicho, so ni angavu yenye fahari, la ni ya huzuni, ti inachoma na kutaka kupanda kwa do. Wanamuziki waliosomea kazi hiyo walicheka, na ni kweli kwamba tabia hizo hulegea wimbo unapokwenda kasi au unapobadili ufunguo. Hata hivyo, mtu aliyekuwa akifanya kazi ya kusuka pamba saa kumi kwa siku, ambaye hakuwa na neno lolote la kuelezea kwa nini mwisho wa tenzi fulani unatulia na wa nyingine unabaki unaning'inia, alipata maneno ya kulisema jambo hilo na mwenzake, na kosa la sauti likaweza kurekebishwa kwa mazungumzo badala ya kwa kurudia mara ishirini.

Uenezi wake ulikwenda kasi. Chama cha Tonic Sol-fa kilianzishwa mwaka 1853, Curwen akafungua kampuni ya uchapishaji, akaacha uchungaji katika miaka ya 1860, na kuanzisha chuo kilichotahini na kutoa vyeti, ambapo mtahiniwa alitakiwa aimbe kwa kusoma karatasi aliyokuwa hajawahi kuiona. Siri ya biashara ilikuwa kwenye kiwanda cha chapa. Muziki wa mistari mitano ulichongwa na fundi kwenye bamba la metali laini, au ulipangwa kwa herufi maalumu zilizogharimu fedha nyingi na kuhitaji mpangaji mwenye ujuzi wa pekee, wakati solfa ilipangwa kwa herufi, nukta na mikato ileile iliyochapia magazeti. Sauti nne za wimbo pamoja na maneno yake zilienea katika nafasi ndogo, karatasi ikapungua na bei ikashuka, kiasi kwamba hata Novello, kampuni kubwa ya muziki wa kwaya ambayo ilikuwa imejijengea jina kwa kuuza nota za mistari, iliona hasara ya kukaa pembeni ikaanza kutoa kazi zake kwa solfa. Wanakwaya wa vyama vya kupinga ulevi, wa shule za Jumapili na wa viwandani wakawa na vitabu vyao wenyewe mikononi, na oratorio za Handel, ambazo ni tungo ndefu za kwaya na okestra juu ya habari za Biblia, zikaimbwa na watu ambao wasingeweza kuusoma ukurasa wa kwanza wa nota ambazo Handel aliziandika.

Upinzani haukukosekana, na haukuwa wa kijinga. Hullah, ambaye mwaka 1872 aliteuliwa kuwa mkaguzi wa serikali wa muziki, aliendelea kuipinga solfa kwa hoja kwamba inawafungia watu katika chumba kimoja cha jengo kubwa: mwimbaji wa solfa hawezi kukaa katika okestra, hawezi kufuata ukurasa wa mpiga kinanda, na muziki mpya wa wakati huo, uliohama ufunguo kila baada ya vipimo vichache, unamchosha kwa kumtaka abadili do bila kupumzika. Wafuasi wa Curwen walijibu kwa miaka mingi kwamba herufi ni maandalizi tu, na kwamba aliyezizoea hujifunza mistari mitano kwa wepesi. Jibu hilo lilikuwa na ukweli, lakini mwaka 1872 Curwen mwenyewe alilidhoofisha alipotoa toleo jipya la kozi yake ambalo liliiondoa kabisa nota ya mistari na kuichukulia solfa kuwa maandishi kamili yanayojitosheleza. Wapo wanaouona uamuzi huo kuwa kosa lililoiandalia solfa kifo chake nchini Uingereza. Kwa mtazamo wa Afrika, unaonekana kuwa uamuzi wa mtu aliyewajua wasomaji wake: wengi wao wasingemiliki piano maisha yao yote.

Wales ilithibitisha hilo mapema. Huko, katika mabonde ya machimbo ya makaa ya mawe na katika makanisa yaliyoendesha ibada kwa lugha ya Kiwelisi, solfa ilishika mizizi kuliko mahali pengine popote Uingereza, na kwaya kubwa ya wachimbaji na wafanyakazi wa Wales Kusini iliyoongozwa na Griffith Rhys Jones, aliyejulikana zaidi kwa jina la Caradog, ilishinda mashindano ya Crystal Palace, London, mwaka 1872 na tena mwaka 1873. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mambo yaligeuka. Piano zilikuwa zimeingia katika nyumba nyingi, kisha gramafoni na redio, na shule zilianza kufundisha ala, hivyo faida ya bei rahisi ikayeyuka na watoto wa waliokuwa waimbaji wa solfa wakaiona kuwa alama ya ufukara wa wazazi wao. Wazo lenyewe lilirudi Ulaya kwa mlango mwingine, kwa kuwa mtunzi wa Hungaria Zoltán Kodály aliichukua do inayohama pamoja na ishara za mkono za Curwen akazitia katika mpango wa elimu wa nchi yake, na walimu wengi wa leo huzijua ishara hizo kwa jina la Kodály.

Kufikia hapo, herufi zilikuwa zimekwisha kuvuka bahari. Makanisa yaliyoipokea solfa Uingereza ndiyo yaliyotuma wamisionari wengi, na chama cha misioni cha London, ambacho nguvu zake zilitoka kwa Wakongregeshenali wenzake Curwen, kiliifikisha Madagaska, kisiwa ambacho Waswahili wa zamani walikiita Bukini, ambako ikawa maandishi ya kawaida ya kanisa. Kusini mwa Afrika ilianza kufundishwa katikati ya miaka ya 1850 katika shule za misioni za Rasi ya Mashariki, na kizazi kimoja baadaye haikuwa tena mali ya wamisionari. John Knox Bokwe, Mxhosa aliyelelewa katika misioni ya Lovedale, alichapisha mwaka 1885 mkusanyo wa nyimbo zake kwa solfa, na kwa tendo hilo akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza waliochapa muziki wa kwaya walioutunga wenyewe.

Mwalimu mmoja wa shule ya Kimethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg, ndiye aliyeifikisha solfa mahali ambapo haikutarajiwa. Enoch Sontonga, aliyekuwa akiiongoza kwaya ya shule yake na kuitungia nyimbo, aliandika mwaka 1897 wimbo wa Nkosi Sikelel' iAfrika kwa herufi za solfa katika daftari, kama alivyoziandika tungo zake nyingine. Alifariki mwaka 1905 akiwa bado kijana na bila kuuona wimbo huo ukichapishwa, lakini walimu wa kwaya walikuwa wakiliazima daftari na kunakili, na unakili huo haukuhitaji zaidi ya kalamu na macho. Januari 1912 wimbo uliimbwa Bloemfontein kwenye mkutano uliokianzisha chama kilichokuja kuitwa African National Congress, mwaka 1923 Sol Plaatje aliurekodi London, na Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 muziki wake ulivikwa maneno ya Kiswahili na kuwa wimbo wa taifa, Mungu Ibariki Afrika. Wimbo huo una sifa zote za muziki uliotungwa na mtu anayewaza kwa solfa: sauti nne zinazotembea pamoja, ufunguo mmoja usiohamahama, na sauti za kati ambazo mwimbaji wa kawaida huzishika kwa jioni moja.

Kusini mwa Afrika palizuka baada ya Sontonga utamaduni mzima wa watunzi ambao solfa ilikuwa maandishi yao ya kwanza na mara nyingi ya pekee. Joshua Mohapeloa wa Lesotho alichapisha nyimbo zake kuanzia mwaka 1935 katika kiwanda cha chapa cha misioni ya Morija, ambacho hakikuhitaji mashine mpya wala fundi mgeni ili kuzipanga. Tapureta nayo ilikuwa msaada ambao Curwen hakuwahi kuuota, kwa kuwa kila alama ya solfa imo kwenye vibonye vyake vya kawaida, na katibu wa shule mwenye karatasi ya stensili aliweza kutoa nakala za kutosha kwaya nzima kabla ya mazoezi ya jioni. Katika mazingira hayo solfa iliacha kuwa ngazi ya kupandia kwenye kitu kingine. Mipaka aliyoionya Hullah haikutoweka hata hivyo: Mzilikazi Khumalo alipotunga kazi yake kubwa ya kwaya juu ya Shaka, mfalme wa Wazulu, aliiandika kwa solfa, na sehemu za okestra zilibidi zipangwe na wanamuziki wengine. Ni haki kuuliza ni muziki gani wa ala ambao watunzi wa aina yake wangeuandika kama shule zao zingewapa zana nyingine.

Katika Afrika Mashariki picha ina mchanganyiko zaidi. Misioni za Kiingereza, kuanzia pwani ya Mombasa na Unguja hadi Uganda, zilileta nyimbo za sauti nne na solfa ya kuzifundishia, na vyuo vya ualimu vikaiweka katika somo la muziki, hivyo mwalimu wa shule ya msingi mara nyingi alikuwa ndiye mwalimu wa kwaya, mwenye chaki, ubao na uma wa sauti. Misioni za Kijerumani za Tanganyika zilikuja na desturi ya matarumbeta ya shaba, ambayo yanapigwa kwa nota za mistari. Kwa upande wa Kongo, Rwanda na Burundi, shule zilizofuata mtaala wa Kibelgiji na Kifaransa zilifundisha do isiyohama, ile ya Hullah, na kwa sababu hiyo waimbaji wawili wanaozungumza Kiswahili kimoja, mmoja wa Mombasa na mwingine wa Bujumbura, wanaweza kuimba silabi zilezile wakimaanisha mambo mawili tofauti. Tahajia ya Curwen nayo iliachwa njiani. Waingereza walilazimika kuandika doh, ray, me na lah ili wasikosee matamshi. Kiswahili, ambacho irabu zake hazibadiliki, kilirudia do, re, mi na la bila mtu yeyote kutoa agizo.

Lawama nzito zaidi dhidi ya solfa katika Afrika haikuhusu okestra. Hugh Tracey, aliyezunguka kusini na mashariki mwa bara akirekodi muziki wa wenyeji na ambaye mwaka 1954 alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika, alikuwa miongoni mwa waliosema kwamba muziki wa shule na kanisa uliwazoesha Waafrika skeli moja ya Ulaya na kuwafanya wazione skeli za marimba na zeze zao kuwa zimekosewa. Lawama hiyo ina uzito, kwa kuwa herufi saba zenye umbali uliowekwa haziwezi kuandika ala ambayo umbali wa nota zake ni mwingine, wala mapigo yanayopishana ya ngoma tatu. Lakini inasahau kwamba watu hawakuitumia solfa kuandika marimba. Waliitumia kwa kwaya, na nyumbani waliendelea kupiga marimba bila kuandika chochote.

Jeraha kubwa zaidi kwa upande wa Kiswahili lilikuwa katika mkazo wa maneno. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno yake ya silabi mbili, kama vile Bwana, Yesu, moyo na njia, karibu yote huanza kwa nguvu, wakati tenzi nyingi za Kiingereza huanza kwa silabi dhaifu kabla ya pigo la kwanza, kwa kuwa lugha hiyo ina vibainishi na vihusishi vingi vya silabi moja vya kuanzia mstari. Mfasiri aliyefungwa na muziki wa Kiingereza alilazimika kuiweka silabi ya mwanzo ya neno kwenye pigo dhaifu na ya mwisho kwenye pigo lenye nguvu, na vizazi vya waumini vikaimba majina matakatifu kwa mkazo ambao hakuna mama angeutumia kumwitia mwanawe. Aidha, neno moja la kitenzi cha Kiswahili lenye nafsi, wakati na shamirisho ndani yake hula nusu ya mstari wa silabi nane, hivyo mafundisho yaliyomo katika beti tatu za Kiingereza yalibanwa au yaliachwa.

Watunzi waliokuja kuandika moja kwa moja kwa Kiswahili waliukwepa mtego huo, na karatasi ya solfa yenyewe iliwarahisishia kazi kuliko inavyodhaniwa. Maneno huandikwa chini ya herufi, silabi kwa silabi, na mstari wa wima unaotangulia pigo lenye nguvu husimama wazi katikati yao. Mtunzi anayepitisha jicho kwenye ukurasa huona mara moja kama silabi iliyofuata mstari huo ndiyo inayobeba mkazo wa neno, na isipokuwa hivyo huihamisha, kwa kuongeza nota moja kabla yake au kwa kulianza neno pigo moja mapema, bila kubadili sauti tatu nyingine zilizopangwa juu na chini yake.